Wakala Anataka Nijiite Mfanyabiashara

"Mwanangu mshauri, mimi ni mjane wa miaka 63, mkulima wa Kaengesa, Sumbawanga. Binti yangu anaishi na mumewe Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwe. Wana mtoto wa miaka minne ambaye sijawahi kumshika, na mwingine anazaliwa mwishoni mwa Januari. Wananiita niende Desemba. Wakala mmoja hapa mjini anasema mkulima hapewi viza. Anataka shilingi milioni tatu anitengenezee karatasi za benki na leseni, nijieleze kuwa nina duka Dar es Salaam. Shemeji yangu amesema nikiuza mahindi kwa ajili ya safari hiyo ataitisha ukoo. Nasikia huko jua halichomozi. Nina presha, magoti yananisumbua, Kiingereza sijui. Usiku silali. Niende au nisiende?" Mama wa Kaengesa

Shikamoo mama. Nenda. Ila usiende Desemba, na usiende kama mwenye duka.

Nianze na huyo wakala, kwa sababu anaweza kukuharibia safari kabla hujavuka hata Laela. Viza ya kutembelea Norwe ni ya Schengen, ileile inayotumika Ujerumani au Ufaransa, na inakuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Afisa anayesoma maombi yako anataka kujua nani atakulipia, utalala wapi, na zaidi ya yote kama utarudi nyumbani. Hapo pa kurudi ndipo maombi mengi yanapokwama. Sasa fikiri: mwenye duka wa kubuni ana nini cha kumrudisha? Duka halipo. Akipigiwa simu aulizwe mauzo ya mwezi uliopita, atababaika. Lakini mwanamke wa Kaengesa mwenye shamba la mahindi na maharage, nyumba yake, watoto na wajukuu wengine kijijini, na jumuiya inayomjua, ana kila sababu ya kurudi. Wakala anakutaka ufiche kitu pekee chenye nguvu ulicho nacho, na anakutoza milioni tatu kwa kazi hiyo.

Karatasi za kughushi zikigundulika, maombi yanakataliwa, na taarifa zako hubaki kwenye mfumo wa viza wa Schengen hadi miaka mitano. Kila utakapoomba tena wataziona. Na aliyekualika ni binti yako, jina lake limo humo humo. Mwambie wakala hapana, na kama umeshampa kitambulisho chako cha NIDA au picha, virudishe mkononi mwako wiki hii.

Badala ya duka, kusanya ukweli wa maisha yako. Kama kijiji chenu kimepimwa na una hati miliki ya kimila, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza; imetolewa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ina uzito. Kama huna, mwombe mtendaji wa kijiji barua inayotaja shamba lako, ukubwa wake na unacholima. Uliwahi kuwauzia mahindi NFRA, hifadhi ya taifa ya chakula, pale Sumbawanga? Tafuta stakabadhi. Taarifa ya akaunti yako ya benki iwe ya kweli hata kama ina laki nne tu, inayopanda wakati wa mavuno na kushuka wakati wa mbolea. Hivyo ndivyo akaunti ya mkulima inavyoonekana. Kitabu cha VICOBA, kama uko kwenye kikundi, nacho kiweke. Kisha karatasi za ukoo: cheti cha kuzaliwa cha binti yako kutoka RITA, chenye jina lako kama mama yake, na cheti cha kifo cha marehemu baba yake. Vilivyo kwa Kiswahili vitafsiriwe kwa Kiingereza na mtu anayetambulika.

Hapo kwenye majina nakuomba ukae kidogo. Wazazi wetu wengi wa Ufipa wana jina moja kwenye kadi ya ubatizo, jingine kwenye NIDA, na la tatu kwenye cheti cha mtoto. Herufi moja ikitofautiana, afisa hawezi kujua kuwa wewe ndiye mama mzazi. Linganisha karatasi zako zote mezani leo. Zikigongana, nenda kwa mwanasheria ukaape kiapo cha majina kabla hujaomba pasipoti, maana pasipoti ikishatoka na kosa, kosa hilo utasafiri nalo. Pasipoti ya kawaida inaombwa kwa mtandao wa Uhamiaji, unamalizia ofisi yao ya mkoa papo hapo Sumbawanga, na gharama yake ni shilingi 150,000. Hakuna haja ya kupanda basi la Dar kwa hilo.

Binti yako ana sehemu yake. Yeye na mumewe waandike barua ya mwaliko na kujaza fomu ya dhamana inayoonyesha wanakubali kubeba gharama zako. Afungue tovuti ya UDI, ofisi ya Norwe inayoshughulikia wageni, aijaze fomu ya maombi pamoja nawe kwa simu, na asome mahali pa kupeleka makaratasi na alama za vidole kwa waombaji wa Tanzania. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000 na ifike hadi siku ya kurudi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kuliko siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila wakihitaji kuchunguza zaidi linaweza kufika siku 45. Tiketi ilipwe baada ya viza kutoka; kabla ya hapo nafasi iliyoshikiliwa tu inatosha.

Sasa majira. Tromsø jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Mchana kuna saa chache za mwanga wa buluu kama wa alfajiri, basi. Kwa mtu aliyezoea anga la Ufipa, kufika Desemba, peke yako, na magoti yanayouma, huku barabara zimefunikwa barafu inayoteleza, ni kujitesa. Desemba pia ndipo unapanda, na Januari na Februari unapalilia. Ukiondoka wakati huo shemeji yako atakuwa na hoja.

Najua kwetu mama huenda binti anapojifungua, na najua maneno yatakayosemwa ukichelewa wiki tano. Lakini binti yako hatakuwa peke yake. Norwe wazazi hupewa likizo ya uzazi yenye malipo, wiki 49 kwa malipo kamili, wakigawana mama na baba, kwa hiyo mkwe wako naye atapata zamu ya kukaa nyumbani, na kliniki ya mtoto haina malipo. Ushauri wangu: ondoka mwanzoni mwa Machi, palizi ikiwa imekwisha, urudi mwishoni mwa Mei, mahindi yakisubiri kuvunwa. Machi jua limesharudi Tromsø, na kufikia tarehe 20 mchana na usiku vinalingana kama kwetu. Aprili mchana unazidi kurefuka hadi utahitaji pazia zito ili ulale. Theluji bado itakuwepo nyingi; rekodi ya mji ule, sentimita 240, ilipimwa Aprili 1997. Lakini baridi yenyewe si ile unayotishiwa. Mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki huzuia bahari ya pale isigande, na baridi kali kuliko zote kurekodiwa mjini ilikuwa nyuzi 18 na ushei chini ya sifuri.

Koti zito usinunue mitumba ya Sumbawanga. Binti akuwekee la kwao akupokee nalo uwanjani. Wewe ondoka na sweta za sufu, soksi nzito na kitenge chako. Vazi la ndani liwe la sufu, kwa kuwa pamba ikilowa jasho hukaa na baridi. Mwambie pia akununulie vyuma vidogo vya kufunga chini ya viatu. Wazee wa kule huvivaa, na vitakuokolea magoti kuliko dawa yoyote.

Safari yenyewe: basi hadi Mbeya kupitia Tunduma, kisha ndege kutoka Songwe hadi Dar, au basi moja kwa moja ukitaka kubana matumizi, ila fika siku moja kabla. Kutoka Dar utabadilisha ndege mahali kama Doha, Addis Ababa, Istanbul au Amsterdam, halafu Oslo, halafu Tromsø. Tiketi ikikatwa, binti aombe huduma ya kiti cha magurudumu, angalau saa 48 kabla. Magoti yako yanauma kweli, hiyo ni haki yako, na kwenye viwanja vya Ulaya hailipiwi. Mhudumu atakutoa mlango hadi mlango, na hapo suala la Kiingereza linapungua sana. Shingoni uvae karatasi yenye jina lako, namba za ndege, simu ya binti na majina ya dawa zako, kwa Kiingereza. Uliza kaunta ya Dar kama begi litafika Tromsø lenyewe au utalichukua Oslo kwa ukaguzi wa forodha. Dawa za presha za miezi mitatu zikae mkobani, kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Afisa wa mpakani akiuliza umekuja kufanya nini, jibu: kumwona mjukuu, narudi kuvuna. Umwonyeshe mwaliko na tiketi ya kurudi.

Zawadi. Nyama na maziwa ya aina yoyote acha, hata nyama kavu. Viazi mviringo pia haviruhusiwi kuingia Norwe. Dagaa wakavu wa Kirando unaweza kubeba, na asali isizidi kilo mbili. Unga wa ulezi chukua. Uji wake utamfaa mzazi, na najua binti ameukosa miaka yote hiyo. Ila mama, sikia hili vizuri: asali asilambishwe mtoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata tone. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo.

Utakuta mambo yatakayokushtua. Watoto wachanga hulazwa nje kwenye vigari, wamefungwa vizuri, baridi ikiwapiga usoni. Wenyeji wameyafanya hayo kwa vizazi. Mtoto hupewa matone ya vitamini D kwa sababu jua ni haba. Huyo wa miaka minne asichapwe, hata kofi la mkono. Sheria ya Norwe imekataza tangu 1987, na jambo dogo linaweza kuwaletea wazazi wake matatizo makubwa. Pesa taslimu hutaiona, kila kitu ni kadi. Na kwa kuwa Wafipa wengi ni Wakatoliki: kanisa kuu la Katoliki la Tromsø, Vår Frue, lipo katikati ya mji, la mbao, dogo, na Papa Yohane Paulo wa Pili alifika huko Juni 1989, mwaka mmoja kabla ya kuja Tanzania. Misa utaifuata hata bila kuelewa lugha.

Shemeji usimkwepe. Kaa naye na mwanao mkubwa kabla ya Krismasi, uwaonyeshe hesabu: pasipoti, viza, bima, nauli ya ndani, na kwamba tiketi ya ndege inalipwa Tromsø. Ukiondoa tiketi, ni pungufu ya alichotaka wakala. Watajie gunia ngapi utauza na ngapi zinabaki. Wale Wanorwe si wageni kabisa huko kwenu. Wazee wanakumbuka fedha za NORAD, shirika la misaada la Norwe, zilivyosaidia maji ya vijiji vya Rukwa miaka ya 1980, na shemeji yako huenda ameyanywa. Mkabidhi yeye mwenyewe usimamizi wa shamba kwa miezi hiyo mitatu, kwa maandishi, mbele ya mwanao.

Viza ikikataliwa, usikate tamaa wala usirudi kwa wakala. Watakupa sababu kwa maandishi, na una wiki tatu za kukata rufaa. Binti aisome sababu hiyo neno kwa neno, ajibu hiyo tu, na aongeze karatasi iliyokosekana.