Mama, hedhi ikikoma maisha hayajakoma

Mwanamke wa mjini afikapo umri wa miaka 45 huwa na watu wengi wa kuwatunza. Kuna watoto walio shule ya upili au chuoni, kuna wazazi wazee mashambani, kuna kazi ya ofisi au biashara sokoni, na kuna chama cha akina mama kinachodai mchango wake kila mwezi. Katika orodha hiyo ndefu, jina lake mwenyewe mara nyingi halimo. Na ni katika umri uo huo ambapo mwili wake huanza kubadilika kwa namna ambayo hakuna aliyemweleza.

Wiki hii tutazungumzia kipindi cha kukoma hedhi na jinsi mwanamke anavyoweza kujitunza kabla yake na baada yake. Wanaume nao wasigeuze ukurasa, kwani wengi wanaishi na mabadiliko haya nyumbani mwao bila ya kuyaelewa.

Nini hutokea mwilini?

Msichana huzaliwa akiwa na mayai yote atakayokuwa nayo maishani. Miaka inavyosonga mayai hayo hupungua, na ovari, yaani viungo viwili vinavyoyahifadhi, hupunguza utengenezaji wa homoni ya estrojeni. Hedhi huanza kuja bila mpango: mwezi huu mapema, mwezi ujao ikachelewa, mara nzito, mara nyepesi. Hali hii huweza kuendelea kwa miaka kadhaa.

Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akishakaa miezi 12 mfululizo bila ya kuiona, pasipo sababu nyingine kama vile mimba, kunyonyesha au dawa za kupanga uzazi. Wengi hufikia hapo wakiwa kati ya miaka 45 na 55. Ikikoma kabla ya miaka 40, mwone daktari, kwa sababu mifupa na moyo wako vinapoteza kinga mapema mno. Aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji hukoma hedhi papo hapo, hata akiwa kijana.

Si kila jasho ni malaria

Dalili ijulikanayo zaidi ni joto la ghafla. Huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, moyo ukadunda, jasho likatoka, kisha baridi ikafuata. Hudumu dakika chache tu, lakini huweza kurudi mara nyingi kwa siku. Usiku mama huamka shuka zimelowa. Dalili nyingine ni kukosa usingizi, uchovu, kusahausahau, hasira za haraka, huzuni, maumivu ya viungo na ukavu katika uke.

Sasa tazama: jasho, baridi, uchovu na maumivu ya viungo. Mtu yeyote hapa nchini akizisikia dalili hizo husema ni malaria. Mama hununua dawa dukani. Mwezi ufuatao huambiwa ni homa ya matumbo, akapewa dawa nyingine. Miezi sita ikipita ametumia pesa nyingi na kumeza dawa asizozihitaji, na jasho lingali lipo. Wengine huishia kwa waganga wakiamini kwamba wamerogwa.

Malaria hupimwa kwa damu, haikisiwi. Ikiwa vipimo havionyeshi vijidudu, na kipimajoto kinasema joto la mwili ni la kawaida, muulize daktari wako waziwazi: "Je, yaweza kuwa ni kukoma kwa hedhi?"

Hata hivyo, usiende upande wa pili ukaitupia hedhi kila lawama. Jasho la usiku pamoja na kukohoa na kukonda huweza kuwa kifua kikuu. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kupungua uzito huweza kutokana na tezi ya shingoni. Uchovu mwingi kwa mtu anayetokwa na damu nyingi ya hedhi huenda ni upungufu wa damu. Ndiyo sababu uchunguzi hutangulia na tiba hufuata.

Damu baada ya kukoma

Ukisahau mengine yote, kumbuka hili. Damu yoyote inayotoka ukeni baada ya miezi 12 bila hedhi, hata kama ni tone moja kwenye nguo ya ndani, si hedhi. Wapo wanawake hufurahi wakidhani ujana umerudi. Wengine huona aibu wakanyamaza. Wote wawili wanapoteza muda wa thamani.

Kwa wengi sababu huwa si ya kutisha: ukuta wa uke umekuwa mwembamba, au kuna kinyama kidogo katika mlango wa uzazi. Lakini takriban mwanamke 1 kati ya 10 wanaotokwa na damu hivyo hupatikana na saratani ya mji wa mimba. Saratani hii ikigunduliwa mapema, mara nyingi hupona kwa upasuaji. Usingoje damu itoke mara ya pili. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo, uombe upigwe picha ya mji wa mimba na, ikibidi, kipande kidogo kichukuliwe kipimwe.

Damu baada ya kukutana na mume, au uchafu wenye harufu mbaya, pia vinahitaji uchunguzi, kwani huweza kuashiria saratani ya mlango wa uzazi. Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyoitwa HPV na kwa kawaida huchukua miaka mingi kukomaa, ingawa kwa mwanamke mwenye virusi vya Ukimwi huweza kwenda kasi zaidi. Tangu mwaka wa 2019 wasichana wa miaka 10 nchini Kenya wamekuwa wakichanjwa. Mama zao hawakuipata chanjo hiyo, kwa hivyo kinga yao ni kupimwa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kipimo cha kupaka siki hakimfai sana aliyekwisha koma hedhi, kwa sababu sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imerudi ndani. Yeye aombe kipimo cha virusi vya HPV au kile cha Pap.

Moyo na mifupa

Kabla ya kukoma hedhi, mwanamke huugua moyo kwa uchache kuliko mwanamume wa umri wake. Baada ya hapo tofauti hiyo huanza kufutika. Pima presha angalau mara moja kwa mwaka. Ikipimwa siku tofauti na kukutwa imefika 140 juu au 90 chini, hiyo ni presha ya kutibiwa, hata kama huumwi na kichwa. Pima na sukari pia.

Mifupa nayo hupungua uzito upesi katika miaka ya kwanza baada ya kukoma hedhi. Huna utakachohisi, mpaka siku unapoteleza bafuni ukavunjika kifundo cha mkono au nyonga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kula vyakula vyenye madini ya kalisi: maziwa au maziwa lala, omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao, sukuma wiki na maharagwe. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kalisi ya miligramu 300 hivi, na mwanamke aliyepita miaka 50 huhitaji kama miligramu 1,200 kwa siku kutokana na vyakula vyote. Punguza chumvi na mafuta ya kukaangia. Sigara huiharibu mifupa na moyo kwa pamoja.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya angalau dakika 150 kwa wiki, na mazoezi ya kuipa misuli nguvu siku 2. Huhitaji kulipia ukumbi. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako utembee kwa haraka. Panda ngazi. Inua mitungi ya maji ya lita 2, mmoja kila mkono, ukiwa nyumbani.

Ikiwa mkojo hukutoka ukicheka au ukikohoa, usijifungie nyumbani. Kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi 5, legeza, rudia mara 10. Fanya hivyo mara 3 kwa siku. Kwa wengi nafuu huonekana baada ya miezi 3. Isipopatikana, mwone daktari.

Vipi kuhusu dawa za homoni?

Mnamo 2002, utafiti mkubwa huko Marekani ulisitisha sehemu yake moja baada ya kuonekana kwamba estrojeni ikichanganywa na projestini iliongeza saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Habari hizo ziliwatisha wanawake na madaktari pia. Lakini washiriki walikuwa na umri wa wastani wa miaka 63. Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya ambaye hajafika miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome hedhi, na ambaye joto limemsumbua sana, faida kwa kawaida huzidi hatari.

Dawa hizi hazimfai aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au kuganda kwa damu, wala anayetokwa na damu isiyojulikana chanzo. Aliye na mji wa mimba hapaswi kutumia estrojeni peke yake. Kwa hiyo, usiazime vidonge vya jirani. Ukavu wa uke una krimu zake, nazo husaidia.

Jambo jingine: hedhi kuja ovyo si kinga ya mimba. Aliye chini ya miaka 50 aendelee kupanga uzazi kwa miaka 2 baada ya hedhi ya mwisho, na aliyepita miaka 50 kwa mwaka 1.

Nafsi nayo yahitaji kutunzwa

Huzuni inayodumu zaidi ya wiki 2, kukosa hamu ya kitu chochote, au mawazo ya kutaka kufa, huo ni ugonjwa wenye tiba. Usiambiwe ni uzee ukakubali.

Na wewe mume, mkeo akihama kitanda usiku kwa ajili ya joto, hajakukataa. Muulize anavyojisikia, umfungulie dirisha, umsindikize kliniki.

Mama, ukikoma hedhi ukiwa na miaka 50 nawe uishi hadi 80, una miaka 30 mbele yako. Hiyo yatosha kujifunza ufundi mpya, kusoma kozi uliyoiacha, au kufungua biashara uliyoiota ukilea watoto. Lakini yahitaji mwili wa kuibeba. Wiki hii fanya mambo 3 tu: pima presha, andika tarehe ya hedhi yako ya mwisho kwenye kalenda, na uweke siku ya kwenda kupimwa mlango wa uzazi. Katika chama chenu, mwezi huu mchango ukishakusanywa, ulizaneni nani amepimwa na nani bado. Wale ambao bado, wapangieni siku mwende pamoja.