Elkana Alipomwachia Hana Nafasi ya Kunyonyesha
SOMO: 1 Samweli 1:21–23, Mwanzo 21:8

Tukimhubiri Hana, huwa tunahubiri machozi na maombi yake. Leo tumwangalie bwana yake. Samweli amezaliwa, safari ya kila mwaka ya Shilo imefika, na Hana anasema haendi mpaka mtoto aachishwe ziwa. Elkana angeweza kuuliza, "Watu wataniona aje?" Hakuuliza. Alikubali uamuzi wa mke wake na kumtakia mema ya Bwana. Ratiba ya nyumba ikamfuata mtoto anayenyonya.

Wababa wengi tunaona kunyonyesha ni kazi ya wamama, yetu ni kulipa bili ya hospitali. Hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula kingine mpaka miaka 2 au zaidi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Kazi kama hiyo haifanywi na mtu mmoja bila msaidizi.

1. Linda ile miezi 6. Mtoto akilia, kuna mtu atasema maziwa hayatoshi, apewe maji ama uji kidogo. Wenye biashara mtaelewa: maziwa hufuata mahitaji. Mtoto akinyonya sana, mwili hutengeneza zaidi. Akijazwa uji, ananyonya kidogo, na sasa maziwa yanapungua kweli. Maji yasiyo safi nayo humletea kuhara. Kama anayesema ni mama yako mzazi, usimwachie mke wako hiyo vita. Sema wewe, kwa heshima: "Mama, asante kwa kuja kutusaidia. Kliniki wametuambia ni maziwa pekee mpaka miezi sita, na mimi nimekubali." Ukiwa na wasiwasi, mtoto apimwe uzito kliniki.

2. Beba kazi zingine. Hutanyonyesha, lakini unaweza kumweka mtoto begani acheue, kubadilisha nepi, kufua, kuteka maji na kuosha vyombo. Mama akiketi kunyonyesha, mletee maji ya kunywa na chakula kabla hajaomba. Si lazima nyama. Githeri, mboga, mayai na omena ni chakula kizuri.

3. Tumia haki zenu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa baba aliyeajiriwa likizo ya wiki 2 kwa mshahara kamili, na mama miezi 3. Hizo wiki mbili si za kwenda kumaliza ujenzi wa ploti! Mama akirudi kazini, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na mahali pa kunyonyeshea. Maziwa yaliyokamuliwa kwa chombo safi hukaa hadi saa 4 nje ya friji pasipo na joto kali, na wewe unaweza kumpa mtoto kwa kikombe.

4. Angalia mwili na moyo wake. Ziwa likiwa gumu, jekundu, na ana homa, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo. Akilia kila siku ama akose hamu na mtoto, tutaomba, na daktari pia tutamwona. Akikosa kesha ama mazoezi ya kwaya, si ati amepoa kiroho. Hana alikosa Shilo, na Mungu hakumhesabia kosa.

Siku Isaka alipoachishwa ziwa, Ibrahimu alifanya karamu kubwa. Baba huyo alijua siku imefika. Ndugu, ya mtoto wako utaijua, ama utaambiwa?

Ushirika wa nyumbani: Ni kazi gani moja utamtoa mke wako wiki hii? Wababa wajibu kwanza.

Tuombe: Wamama wanaonyonyesha wapate nguvu, na wababa wapate moyo wa Elkana.