SOMO LA 12: KINYWAJI CHA ASUBUHI CHA MATUNDA NA KOKOA

Mwili wa binadamu haupumziki kabisa hata wakati wa usingizi. Moyo hupiga, mapafu huvuta hewa, na damu huzunguka usiku kucha. Kazi hizo zote hutumia nguvu itokanayo na chakula. Kwa sababu hiyo, unapoamka alfajiri mwili wako unahitaji chakula kipya, hasa ikiwa una safari ndefu ya kwenda shuleni.

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kama vile vilivyo karibu na Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, muhogo ni chakula cha kila siku. Juu milimani, upande wa Mbinga, mahali panapolimwa kahawa, watu hula zaidi mahindi na maharage. Mtoto anayekula muhogo na chai kavu asubuhi hupata wanga, na wanga humtia nguvu. Hata hivyo, muhogo una protini kidogo sana, na muhogo mweupe hauna vitamini A ya kutosha. Tumbo limejaa, lakini mwili bado una upungufu.

Katika somo hili utajifunza kutengeneza kinywaji kizito cha matunda, maziwa, karanga na kokoa, kinachoweza kuziba upungufu huo. Utajifunza pia kwa nini kinywaji hicho hicho, kikitengenezwa bila usafi, chaweza kukuletea ugonjwa badala ya afya.

1. Vitu vinavyotumika na kazi zake

Utakumbuka kwamba vyakula hugawanywa katika makundi kufuatana na kazi zake mwilini. Soma orodha hii kwa makini.

Ndizi mbivu: hutia nguvu, kwa sababu zina sukari ya asili.
Embe au papai: hulinda mwili. Rangi yake ya manjano hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hiyo husaidia macho kuona wakati wa giza dogo. Matunda haya yana vitamini C pia.
Maziwa: hujenga mwili kwa protini, na huimarisha mifupa na meno kwa madini ya kalsiamu.
Karanga: hujenga mwili kwa protini, na hutia nguvu kwa mafuta yake.
Unga wa kokoa: huleta ladha na harufu nzuri. Una madini kidogo, lakini hutumiwa kwa kiasi kidogo tu.

Embe hupatikana kwa wingi miezi ya mwisho wa mwaka. Wakati zisipopatikana, tumia papai. Kama maziwa hayapatikani, ongeza karanga. Na kama kokoa haipatikani dukani, iache. Kinywaji kitapungua ladha, lakini hakitapungua faida yake kubwa.

Chagua karanga zako moja moja. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupwe. Ukungu wa aina fulani hutoa sumu iitwayo sumukuvu, inayodhuru ini. Kukaanga karanga hakuiondoi sumu hiyo yote. Aidha, wako watu wachache ambao wakila karanga huvimba au hushindwa kupumua vizuri. Mtu wa namna hiyo asitiliwe karanga kabisa.

2. Kokoa hutoka wapi?

Kokoa ni zao la biashara. Hapa Tanzania hulimwa sana katika wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ziwa hilo hilo ndilo linalopiga mawimbi katika ufuko wa Mbamba Bay. Asili ya mti wa kokoa ni bara la Amerika.

Matunda ya kokoa hayaning'inii kwenye ncha za matawi kama embe. Huota kwenye shina na kwenye matawi makubwa. Ndani ya tunda moja mna mbegu kati ya 20 na 50, zilizofunikwa na nyama nyeupe yenye utamu. Mkulima hupasua matunda, hutoa mbegu na kuzivundika kwa siku 5 hadi 7, mara nyingi zikiwa zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Wakati huo vijidudu hula sukari ya ile nyama nyeupe, joto hupanda, na uchungu wa mbegu hupungua. Kisha mbegu huanikwa juani.

Kiwandani mbegu hukaangwa, hubanguliwa na kusagwa. Zikikamuliwa hutoa mafuta yaitwayo siagi ya kokoa. Masalio yake husagwa yakawa unga wa kokoa. Chokoleti hutengenezwa kwa kokoa, siagi ya kokoa na sukari, na mara nyingi maziwa. Siagi ya kokoa huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 au 35 za Selsiasi, yaani chini kidogo ya joto la mwili wako. Ndiyo maana kipande cha chokoleti huwa kigumu mkononi kwa muda mfupi, lakini huyeyuka mara ukitiapo kinywani.

Kwa kinywaji chetu tutatumia unga wa kokoa usiotiwa sukari. Ndizi mbivu zina utamu wa kutosha, na sukari nyingi huharibu meno.

3. Jaribio la kwanza: Kwa nini ndizi mbivu ni tamu?

Vifaa: ndizi mbichi, ndizi iliyoiva sana, kisu, sahani mbili na iodini.

Kata kipande cha kila ndizi, ukiweke katika sahani yake. Mwombe mwalimu adondoshe tone moja la iodini juu ya kila kipande. Tazama rangi, uiandike katika daftari lako.

Utaona kwamba ndizi mbichi hugeuka kuwa na rangi ya buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Rangi hiyo huonyesha kwamba mna wanga mwingi. Ndizi iliyoiva sana hubadilika kidogo tu. Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka kuwa sukari. Kwa hiyo ndizi yenye madoadoa ya kahawia kwenye ganda haijaoza. Hiyo ndiyo inayofaa zaidi kwa kinywaji chetu.

Angalia: vipande vilivyotiwa iodini visiliwe. Vifukie shimoni.

4. Jaribio la pili: Kuchanganya kokoa na maji

Vifaa: vikombe viwili, unga wa kokoa, kijiko, maji baridi na maji ya moto.

Katika kikombe A tia maji baridi nusu kikombe, kisha mwagia kijiko kidogo kimoja cha kokoa na ukoroge. Katika kikombe B tia kwanza kijiko kidogo kimoja cha kokoa, ongeza vijiko viwili vya maji ya moto, ukoroge mpaka upate uji mzito. Kisha ongeza maji kidogo kidogo mpaka yafike nusu kikombe.

Katika kikombe A unga huelea na kufanya mabonge. Katika kikombe B mabonge hayapo, au ni machache. Sababu ni kwamba unga wa kokoa una mafuta kidogo yaliyobaki, na maji baridi hayapenyi mafuta kwa urahisi. Maji ya moto huyayeyusha mafuta hayo, na kukoroga uji mzito huvunja mabonge.

Sasa acha kikombe B kwa muda wa saa moja bila kukitikisa. Utakuta masimbi ya kahawia chini yake. Kokoa haiyeyuki majini kama chumvi. Chembe zake huenea tu, kisha hutuama. Kwa hiyo kinywaji chetu hukorogwa tena kabla ya kunywewa.

5. Maji yaonekanayo kuwa safi

Maji ya Ziwa Nyasa mara nyingi huwa maangavu, hata mtu huweza kuona mawe na samaki chini yake. Vijito vya milima ya Mbinga navyo huwa baridi na hupendeza macho. Lakini viini vya magonjwa ya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu ni vidogo mno. Havionekani kwa macho. Maji maangavu si lazima yawe maji salama. Mwezi wa Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kisha kikaenea katika mikoa mingi ya Tanzania. Ugonjwa huo huenezwa kwa maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi cha mgonjwa, na huweza kumwua mtu kwa saa chache kwa kumkausha maji mwilini.

Njia ya hakika ya kuua viini hivyo nyumbani ni kuchemsha maji. Acha maji yatokote kwa dakika 3, uyafunike, na uyaache yapoe katika chombo hicho hicho.

Katika usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kadiri unavyopanda juu, mgandamizo wa hewa hupungua, na maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Joto hilo hupungua karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Ufuko wa Ziwa Nyasa uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya hapo huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Katika mlima wenye kimo cha mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Usiwe na wasiwasi: viini vya magonjwa tuliyoyataja hufa kabla ya kufikia joto hilo.

Maziwa pia yachemshwe. Maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na magonjwa mengine kutoka kwa ng'ombe.

6. Kutengeneza kinywaji

Vipimo hivi vinatosha watu 4. Kikombe kimoja ni mililita 250.

Ndizi mbivu 4 za wastani
Embe bivu 1, au kipande cha papai cha kiasi hicho
Maziwa yaliyochemshwa na kupoa, kikombe 1
Maji yaliyochemshwa, nusu kikombe
Karanga zilizokaangwa na kupondwa laini, vijiko vikubwa 4
Unga wa kokoa, vijiko vidogo 4
Ndimu, matone machache

Fanya hivi:

(a) Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha matunda kabla ya kuyamenya, kwa sababu uchafu wa ganda huingia ndani pamoja na kisu.
(b) Suuza bakuli, kinu kidogo, mchi na vijiko kwa maji ya moto yaliyochemka. Mwombe mtu mzima akusaidie. Usitumie kinu kilichotwangiwa vitunguu saumu, kwani harufu yake haitoki upesi.
(c) Menya ndizi na embe, ukate vipande vidogo, na udondoshee ndimu mara moja. Ndizi iliyokatwa hugeuka kahawia kwa sababu kimeng'enya kilichomo hukutana na oksijeni ya hewani. Asidi ya ndimu huzuia kazi hiyo. Usizidishe ndimu, kwa sababu asidi nyingi hugandisha maziwa.
(d) Ponda matunda mpaka yawe rojo laini. Mahali penye umeme watu hutumia blenda. Kinu na mchi hufanya kazi ile ile.
(e) Pasha moto sehemu ya maji, ukoroge kokoa kama ulivyofanya katika kikombe B.
(f) Changanya rojo, karanga, kokoa, maziwa na maji yaliyobaki. Koroga vizuri, umimine katika vikombe safi.

Kinywaji hiki huliwa pamoja na kipande cha muhogo uliochemshwa, kiazi au mkate.

7. Kinywewe wakati gani?

Kinywaji kina sukari, protini na maji. Vitu hivyo vinakufaa wewe, navyo vinawafaa bakteria vilevile. Katika joto linalozifaa, bakteria za aina nyingi huweza kugawanyika kila dakika 20. Bakteria moja huwa 2 baada ya dakika 20, na huwa 8 baada ya saa moja. Baada ya saa 4 huwa 4,096. Joto la mwambao huharakisha kazi hiyo kuliko baridi ya milimani.

Kwa hiyo, tengeneza kiasi kinachotosha tu, na kinywewe asubuhi hiyo hiyo. Kilichokaa zaidi ya saa 2 bila jokofu kimwagwe, hata kama ladha yake haijabadilika. Usikibebe katika chupa ili ukinywe mchana shuleni.

Mambo ya kukumbuka

Muhogo na chai kavu hutia nguvu, lakini havitoshi kujenga na kulinda mwili.
Wanga wa ndizi hugeuka kuwa sukari ndizi inapoiva.
Kokoa hukorogwa kwanza kwa maji ya moto machache.
Maji maangavu yaweza kuwa na viini vya magonjwa.
Kinywaji cha matunda na maziwa hakilazwi.

Maswali

1. Taja kitu kimoja katika kinywaji hiki kinachotia nguvu, kimoja kinachojenga mwili, na kimoja kinacholinda mwili.
2. Kwa nini iodini hubadilika rangi sana juu ya ndizi mbichi kuliko juu ya ndizi mbivu?
3. Kijiji kiko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Maji yatachemka kwenye nyuzi ngapi hivi?
4. Bakteria moja ikigawanyika kila dakika 20, zitakuwa ngapi baada ya saa 2?
5. Jirani yako asema, "Maji ya ziwa letu ni safi, naona mpaka chini." Mweleze kwa heshima kwa nini ni lazima ayachemshe.

Kazi ya nyumbani

Kwa muda wa siku 7 andika katika daftari lako chakula cha asubuhi cha nyumbani kwenu. Mbele ya kila chakula andika kazi yake mwilini. Kisha jadili na wazazi wako ni tunda gani la kijijini kwenu laweza kuongezwa bila gharama kubwa.