"Oda" Yenye Maana Nyingi: Soma Barua Kabla ya Kusaini

Neno la Kiingereza "order" limeingia katika Kiswahili kwa sura ya "oda", nasi twalitumia zaidi kwa maana ya kuagiza. Mgahawani Sirari mtu hutoa oda ya chai. Fundi seremala wa Mugumu hupokea oda ya milango. Katika karatasi za ofisi, hata hivyo, neno hilo hubeba maana nyingine, na kuzichanganya kwaweza kumgharimu mwananchi.

Barua iliyoandikwa "stop order" haihusu bidhaa yoyote. Ni amri ya kusitisha ujenzi. Aliyeipokea asimamishe mafundi siku hiyo hiyo, kisha afike idara ya ardhi pamoja na kibali chake cha ujenzi, kama anacho. Kuendelea kupandisha ukuta ni kukaidi amri halali.

"Local Purchase Order" ni hati ya ununuzi, nayo i karibu zaidi na oda tuijuayo. Lakini muuza mchanga au mbao asipeleke mzigo shuleni kwa kupigiwa simu tu. Pasipo hati iliyosainiwa, malipo yake yatakuwa mashakani.

"Standing Orders" ni Kanuni za Kudumu za Halmashauri, ambazo diwani huzitegemea anaposimama "kuhusu utaratibu". Na karatasi ya "out of order" mlangoni pa choo cha stendi haimwamuru mtu: choo ni kibovu.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini. Ukipokea barua usiyoielewa, mwombe Mtendaji wa Kata akufafanulie kabla hujaisaini.