SOMO: MALAZI YA TIMU SAFARINI
Namna ya kuokoa fedha bila kuwaumiza wachezaji



Timu ya kiwanda au ya shamba inapoalikwa kushindana mbali, jambo la kwanza kuzungumzwa ni jezi, na la pili ni basi. Malazi huja mwisho. Lakini kaa na mweka hazina baada ya safari, mpitie stakabadhi pamoja, na mara nyingi utaona malazi yamekula fedha kuliko jezi na mipira. Fedha hizo ni michango ya wanachama. Ni jasho la mchuma chai na mwendesha mashine. Ni wajibu wetu kuzitumia kwa hesabu.

1. Waliotangulia walifanyaje?

Kulala kwa gharama ndogo si aibu, na halikuanza kwetu. Mwaka 1932 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Los Angeles, Marekani, wakati uchumi wa dunia umeanguka na nchi nyingi hazina fedha za kupeleka timu. Wenyeji waliwajengea wanamichezo wa kiume kijiji cha vibanda vya mbao, wakawatoza dola 2 kwa siku kila mmoja: kulala, kula na usafiri wa pale mjini. Wanawake walipangiwa hoteli moja mjini.

Mwaka 1948 michezo hiyo ilikwenda London. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha miaka mitatu tu, na chakula bado kilikuwa cha mgawo. Waingereza hawakujenga kijiji kipya. Wanaume walilazwa katika kambi za jeshi zilizokuwapo, na wanawake katika vyuo. Wachezaji waliombwa waje na taulo zao. Lakini katika chakula hawakubaniwa: walipewa mgawo sawa na wa wafanyakazi wa bandarini na wachimba migodi, mkubwa kuliko wa raia wa kawaida.

Funzo ni hili: walibana pale pasipomdhuru mchezaji, wakaachilia pale anapopata nguvu zake.

2. Tupige hesabu

Tuseme timu ina watu 22 na italala siku 5. Gesti inatoza shilingi 20,000 chumba, watu wawili kila chumba. Vyumba 11 kwa siku 5 ni shilingi 1,100,000. Bweni la shule linatoza shilingi 3,000 kwa mtu. Kwa watu 22 na siku 5 ni shilingi 330,000. Tumeokoa shilingi 770,000.

Msishangilie bado. Gesti iko karibu na uwanja, bweni liko mbali, na gari la kuwapeleka na kuwarudisha ni shilingi 80,000 kwa siku. Siku 5 ni 400,000. Gesti inatoa chai ya asubuhi, bwenini hakuna. Chai ya shilingi 1,500 kwa watu 22 kwa siku 5 ni 165,000. Akiba iliyobaki ni shilingi 205,000. Bado ni fedha nzuri, lakini si ile 770,000 mliyotangaza mkutanoni. Anayelinganisha bei ya kitanda peke yake hajapiga hesabu. Bei zenu zitakuwa nyingine. Njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo.

3. Mahali pa kutafuta

(a) Mabweni ya shule na vyuo. Hupatikana wanafunzi wakiwa likizo, basi ulizeni tarehe za likizo kabla ya kuthibitisha safari.

(b) Hosteli za makanisa na za taasisi nyingine za dini. Nyingi ni safi na bei yake ni ya wastani. Fuateni masharti ya wenyeji.

(c) Wafanyakazi wenzetu. Tawi la wenyeji lilaze timu yenu mwaka huu, nanyi mlaze yao mwaka ujao. Huu ndio umoja kwa vitendo. Ila tukumbuke wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pelekeni unga, mchele na sukari yenu, msiwe mzigo kwa familia inayoishi kwa mshahara kama wenu.

Kwa mashindano yanayokusanya timu nyingi, kama michezo ya Mei Mosi nchini Tanzania, anzeni mapema. Vitanda vya bei nafuu ndivyo vinavyokwisha kwanza.

4. Rahisi huwa ghali

Mwandishi wa somo hili aliwahi kusafiri na timu ya netiboli. Bweni tulikuwa tumeahidiwa kwa mdomo. Tulifika saa nne usiku, mlango umefungwa, mlinzi hana habari. Tulizunguka mji na mizigo kichwani, tukapata vyumba kwa bei ya juu. Wachezaji wawili walipewa chumba kisicho na komeo. Hawakulala, waliegemeza kitanda mlangoni, wakakesha wamekaa. Asubuhi tulifungwa, na hakuna aliyethubutu kuwalaumu.

Tangu siku ile nashika mambo matatu. Mapatano yawe kwa maandishi, yakitaja tarehe, idadi ya watu, bei, na sarafu itakayotumika kama ni nchi nyingine. Mlango wa wanawake uwe na komeo la ndani, na choo chao kiwe karibu. Mtu mmoja atangulie akaone mahali kwa macho yake.

Tena kuna chandarua. Homa ya malaria huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Mchezaji ataugua akiwa amekwisha kurudi kazini. Kama ni kibarua wa kulipwa kwa siku, atapoteza ujira wake, na hasara hiyo haitaonekana katika daftari la mweka hazina. Kila mchezaji abebe chandarua na shuka.

5. Nani alipe?

Timu inapovaa jina la kampuni na kuitangaza, ni haki kumtaka mwajiri achangie malazi. Kamati ya tawi ipeleke ombi kwa barua, ikiambatanisha hesabu kama ile ya hapo juu. Siku za safari zizungumzwe pia: ni siku za kazi zenye malipo, au zinakatwa katika likizo? Jibu lipatikane kabla ya basi kuondoka.

Kwa safari za kuvuka mpaka, wekeni akiba ya usiku mmoja zaidi. Foleni ya Malaba au Namanga haijui ratiba yenu.

Mkirudi, mweka hazina asome matumizi mbele ya wanachama, stakabadhi zikiwa mezani. Mwanachama aliyeona hesabu mwaka huu hatasita kuchanga mwaka ujao.

Maswali ya kujadiliana tawini

1. Safari yetu ya mwisho, malazi yalichukua sehemu gani ya fedha zote?
2. Tawi letu linaweza kulaza wageni wangapi, na wapi?
3. Wachezaji wanawake wameulizwa wanataka malazi ya namna gani?
4. Ni mambo gani tusiyokubali kuyabana hata fedha zikiwa chache?