Maji Yamemwagika au Yamemwagwa? Vitenzi vya Mwendo wa Maji na Suala la Mtendaji

1.0 Utangulizi

Jiji la Nairobi lilipata jina lake kutokana na maji. Jina hilo lina asili ya Kimaasai na maana yake ni maji baridi. Mji ulioanza kama kituo cha reli mwaka 1899 uliurithi kutoka kwa mto. Mto wenyewe huanzia katika kinamasi cha Ondiri karibu na Kikuyu, hushuka kupitia upande wa Kawangware, hupita Chiromo penye bewa la Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha huingia katikati ya jiji karibu na mzunguko wa Globe. Anayevuka daraja hapo leo haoni maji baridi ya kunywa, bali huona maji meusi yenye taka. Tukimwuliza aeleze kilichotokea, aghalabu atasema: "Majitaka yamemiminika mtoni." Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi. Hata hivyo, haimtaji aliyeyamimina. Makala haya yanachunguza vitenzi vya mwendo wa maji katika maana halisi na maana ya kitamathali, na kuonyesha kwamba uteuzi wa kauli ya kitenzi huamua iwapo mtendaji ataonekana au atafichwa.

2.0 Namna maji yanavyokwenda

Wahenga walisema: Chururu si ndo ndo ndo. Methali hii inatuonya tusichanganye maji yaendayo mfululizo na maji yaangukayo tone kwa tone. Kiswahili kina vitenzi vingi vya aina hii, na kila kimoja kina picha yake. Kudondoka ni kuanguka kwa matone. Kuchuruzika ni kwenda kwa michirizi myembamba. Kutiririka ni kufuata mkondo bila kukatika. Kububujika ni kutoka ndani kama chemchemi. Kufoka ni kutoka kwa nguvu ya msukumo, kama chungu kilichochemka mno. Kumiminika ni kutoka chomboni kwa wingi kuelekea chini. Kufurika ni kujaa hata kupita kingo. Kuvuja ni kupenya mahali pasipostahili.

Picha hizi hazipotei maana inapohamishwa. Machozi hububujika kwa kuwa yana chemchemi yake moyoni. Mwenye hasira hufoka kwa kuwa ameshindwa kuzuia kinachochemka ndani. Usemi wa mlumbi hutiririka, na ndiyo sababu wahakiki huzungumzia mtiririko wa shairi. Siri nayo huvuja, haifuriki, kwa kuwa ilihifadhiwa katika chombo kilichopata ufa. Mwandishi anayetumia tiririka kwa kila jambo huwa ameyapoteza yote haya.

3.0 Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa

Tuzingatie mzizi -mwag-. Tunapata mwaga, mwagika na mwagwa. Tulinganishe sentensi hizi:

(a) Mtoto alimwaga maji.
(b) Maji yalimwagwa na mtoto.
(c) Maji yalimwagika.
(d) *Maji yalimwagika na mtoto.

Sentensi (d) haikubaliki. Kauli ya kutendwa huacha mlango wa kumtaja mtendaji hata asipotajwa, ilhali kauli ya kutendeka huufunga mlango huo. Msikilizaji wa "yalimwagwa" ana haki ya kuuliza: na nani? Msikilizaji wa "yalimwagika" hupewa hali iliyokwisha kutokea.

Ikumbukwe kwamba si kila kitenzi kiishiacho kwa -ika kimenyambuliwa hivyo. Hatusemi *tirira katika Kiswahili cha leo. Tiririka ni umbo lililokwisha kuganda. Tukitaka kumwingiza mtendaji, tunatumia kauli ya kutendesha: tiririsha. Hapa /k/ hugeuka kuwa sh, kama ilivyo katika waka na washa, shuka na shusha. Vivyo hivyo, vuja hutoa vujisha. "Mtihani umevuja" na "mtihani umevujishwa" ni taarifa mbili tofauti. Katika ya kwanza mtihani una ufa. Katika ya pili kuna mtu.

4.0 Mto na umati

Turejee mtoni. "Majitaka yalitiririka hadi mtoni" hufanya uchafuzi uonekane kama kazi ya mteremko. "Majitaka yalitiririshwa mtoni" hulazimisha swali. Mvua ikinyesha na mto kuvunja kingo zake, kama ilivyotokea jijini mwezi Aprili 2024, tuna haki ya kusema mto ulifurika, kwa kuwa hakuna aliyeyamwaga mawingu. Lakini mfereji uliozibwa haukujiziba.

Umati nao huelezwa kwa vitenzi vya maji, na hapa mizani hubadilika. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia katikati ya jiji kuupinga Mswada wa Fedha. Kusema kwamba walimiminika ni kukiri kwamba walikuja kwa hiari yao. Kusema kwamba walimiminwa ni kudai kwamba kuna aliyewaleta. Kwa majitaka, kauli ya kutendeka humficha mkosaji. Kwa watu, kauli hiyo hiyo huwapa uhuru wao. Siku hiyo polisi walifyatua risasi karibu na Bunge na watu wakauawa. Anayeandika "damu ilimwagika" ameomboleza. Anayeandika "damu ilimwagwa" ameomboleza na kuuliza.

Huenda mtu akapinga kwamba lugha yenyewe imetufunza: Maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli. Tena methali hii ina matumizi mawili ya kiambishi kimoja: -ik- katika mwagika huonyesha hali, na -ek- katika zoleka huonyesha uwezekano. Lakini methali hii ni ya kufariji. Mtendaji ameachwa kwa makusudi, kwa kuwa mfiwa hahitaji kesi bali hahitaji kujitesa. Ripoti, habari na insha ya kitaaluma si rambirambi.

5.0 Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba kauli ya kutendeka iepukwe. Yanapendekeza kwamba kabla ya kuiteua, mwandishi ajiulize: je, hakuna mtendaji, simjui, au ninamwogopa? Majibu mawili ya kwanza yanahalalisha kauli hiyo. La tatu halihusu sarufi.

Zoezi: Andika upya sentensi zifuatazo ukimdhihirisha mtendaji, kisha ueleze maana iliyobadilika.

1. Siri za mkutano zimevuja.
2. Sifa zilimiminika kwa mgeni wa heshima.
3. Mafuta yametiririka hadi mtoni.