Mgeni wa Mama Mzazi

Mkulima, ndama akizaliwa bomani kwako, hungoji augue ndipo umwite daktari wa ng'ombe. Mtoto naye ni vivyo hivyo.

Katika mji wa Elmira, Marekani, tangu mwaka 1978 wauguzi waliwatembelea nyumbani akina mama wenye mimba ya kwanza, wengi wao vijana na maskini, mpaka mtoto akatimiza miaka 2. Hawakuja kupeleleza wala kugombeza, bali kufundisha chakula na malezi. Watoto wale walipofika miaka 15, visa vilivyothibitishwa vya kuteswa au kutotunzwa vilikuwa karibu nusu tu ya vile vya nyumba zisizotembelewa hivyo.

Hapa skimu, mama mzazi mara nyingi yuko mbali na mama yake na shangazi zake. Mtoto analia usiku kucha, alfajiri ng'ombe wangoja kukamuliwa, na bwana amechoka. Hapo ndipo mkono huinuka. Basi fanya hivi:

1. Mhudumu wa afya wa kijiji akibisha hodi, mkaribishe. Nawe baba, kaa usikilize.
2. Hasira ikipanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje upumue, kisha urudi. Usimtikise kamwe, kwani ubongo wake waweza kuvuja damu.
3. Jirani akijifungua, mpelekee uji, umshikie mtoto apate kulala.
4. Ukijua mtoto anaumizwa, piga simu 116. Hailipiwi.

Wazee walisema kweli: mkono mmoja haulei mwana.